Sauti ya Kiti cha Nyuma

Itetemia, Jumatano alasiri

Nyamizi mwanangu,

Mama yako amenifukuza jikoni. Anakaanga karanga zako za safari na anasema nikikaa pale nitazimaliza, jambo ambalo ni kweli. Wewe umekwenda mjini kumuaga shangazi yako. Nimetoa kiti barazani, nimeipa mgongo ile njia inayopita nyuma ya shamba, na mapajani nina daftari lako la zamani la hesabu ambalo nusu yake hukuiandika. Kesho unaondoka. Nilikuwa na wiki mbili za likizo yako za kukuambia jambo moja, na wiki zote mbili nimekuambia habari za soksi, habari za mvua, na habari za jogoo wa jirani. Leo mchana mezani nilifungua kinywa kabisa, ukaniangalia, nikakuomba chumvi. Basi naandika, maana karatasi hainikodolei macho.

Mambo ya kila siku nayaruka. Umekaa kambini mwaka na zaidi, unajua kutandika kitanda na kunyamaza mbele ya mkubwa kuliko nilivyojua mimi. Umerusha ndege ndogo za mafunzo, sasa wanakupeleka kwenye ndege za kivita, na Itetemia nzima inajua kwa sababu mama yako ametangaza mpaka kisimani. Mimi pia najivuna. Niseme wazi, najivuna mpaka naona haya. Lakini nina hofu, na chanzo cha hofu hiyo nimekiona kwa macho yangu Jumapili kanisani.

Padri aliposema tupeane amani, yule mama wa kwaya aliyekuwa nyuma yako alikunyooshea mkono. Mtu wa umri wako hugeuza shingo. Wewe uligeuka mwili mzima, mabega, kiuno mpaka magoti, kama mtu anayegeuza kabati. Ndivyo ninavyogeuka mimi. Watu wakacheka kwamba binti amefanana na baba yake mpaka kwenye kugeuka. Mimi sikucheka. Tuliporudi nyumbani nikasikia harufu ya dawa ya kuchua kwenye kitenge chako, na mama yako alipouliza una nini ukamjibu, "Nimelala vibaya."

Mwanangu, sentensi hiyo ni yangu. Niliisema miaka mitatu. Najua ilivyo laini mdomoni na jinsi inavyofunga mazungumzo. Najua pia kwa nini unaisema. Wiki ijayo daktari wa kikosi atakupima, na ukimtajia shingo atakuzuia kuruka, wenzako watatangulia, na wewe utabaki chini ukiangalia juu. Hayo yote niliyapiga hesabu kabla wewe hujazaliwa. Sasa nikueleze yalinifikisha wapi, na unisamehe nikianzia mbali.

Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe na marobota ya nguo kati ya hapa na pwani, kwa njia hiyo hiyo ambayo sasa hivi iko mgongoni kwangu. Sura yake hakuna anayeikumbuka. Alichotuachia ni kanuni moja, nayo unaifuata tangu utoto bila kuambiwa sababu: mtu mwenye mzigo kichwani haitwi kwa nyuma. Ukimhitaji unakimbia, unapita pembeni, unatokea mbele yake akuone, ndipo unamsalimu. Wewe ulidhani ni adabu tu.

Mimi nilifundishwa kwa mwiko. Nilikuwa na miaka sita au saba, shangazi yangu anatoka kisimani na ndoo kichwani, nami kwa furaha ya kumwona nikampigia kelele kwa nyuma. Akageuka. Ndoo ikaanguka, naye akashika shingo akakaa chini njiani, na kwa siku tatu alikuwa akitazama upande mmoja tu. Bibi alinichapa, halafu akanikalisha akanieleza. Alisema kwenye njia ile walikufa wengi kwa njaa na kwa ndui, lakini wapo pia waliokufa kwa kuitwa. Mtu ana frasila mbili, kilo thelathini na kitu, kichwani, anasikia jina lake, anasahau alichobeba, anageuka. Hao, bibi alisema, hawajafika mpaka leo. Wanatembea na jibu mdomoni, wanamtafuta aliyewaita wamjibu.

Ndiyo maana kiangazi, jua likiwa utosini, hatupiti kule. Na ndiyo maana tukisikia miguu hatuulizi nani. Mimi niliisikia mara moja nikiwa mtoto, nikichunga mbuzi. Ilikuwa miguu mingi kwa mstari mmoja, haisemi, inakanyaga ardhi kavu kwa pamoja. Nilichungulia kwenye majani. Vumbi la njia lilikuwa limetulia vile vile, na mbuzi wangu wote wameacha kula. Nilirudi nyumbani nikanywa maji, na kwa miaka mingi sikufikiri tena jambo hilo.

Sasa twende kwenye ndege. Unajua mambo haya kwa kitabu, lakini nisikilize kwa shingo. Kichwa chako ukiwa umekaa barazani si kitu. Ukivaa ile kofia ngumu ya rubani kinaongezeka kidogo. Ukivuta usukani ukaingia kona kali, kichwa hicho na kofia yake vinakuwa kama madebe mawili ya mahindi, na kinachobeba ni shingo peke yake. Kama kichwa kimesimama wima, kimegandamizwa kwenye kiegemeo, utahimili. Kama umegeuka kutazama nyuma, madebe yale mawili yanaangukia pembeni, na hakuna mwanadamu aliyeumbwa kwa hilo. Bibi yangu hajawahi kuona ndege kwa karibu, na alilijua hilo kuliko wakufunzi wangu.

Shingo yangu ilianza kuuma mwaka wangu wa pili wa kurusha ndege za kivita. Kwanza ilikuwa asubuhi tu. Halafu ikawa kila nikitazama kushoto. Halafu kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaanza kufa ganzi. Nilimwambia nani? Hakuna. Nilikuwa nachuliwa kwa siri na mzee mmoja mtaani, nameza vidonge kama njugu, na kambini nikiulizwa nasema nimelala vibaya. Kikosi kilikuwa na sajini mmoja, mama wa mambo ya viungo, aliyetufundisha mazoezi kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Unaufunga kwenye nguzo, unauzungusha kwenye paji la uso, unasukuma polepole mbele, pembeni, nyuma, kabla ya kuruka na baada ya kushuka. Sisi vijana tuliyaita mazoezi ya kuku. Mimi ndiye niliyetunga jina hilo, na nilikuwa naigiza kuku bwaloni watu wakivunjika mbavu.

Mmoja tu hakucheka, naye ni Doto. Jina lenyewe linakuambia alikuwa pacha wa pili, na kwamba kwao Bukene yuko Kulwa aliyemtangulia. Doto alikuwa mwenzangu wa kiti cha nyuma. Ndege zile zilikuwa za watu wawili, mimi mbele narusha, yeye nyuma anaangalia njia, vyombo, na kila kitu kilicho mgongoni kwangu. Mtu mpole, mtani kwa chinichini, anayekula taratibu mpaka unakasirika. Kila asubuhi alikuwa kwenye nguzo na mpira wake. Na alikuwa mtu wa pekee aliyejua kuhusu shingo yangu. Hakuambiwa. Alikuwa anakaa nyuma ya kichwa changu, anakiona kisivyogeuka.

Aliniambia niende kwa daktari. Nikamwambia baada ya mazoezi makubwa. Akaniambia tena. Nikamwambia ashughulike na shingo yake mwenyewe. Mara ya tatu hakusema kitu, ila akaanza kutazama kushoto kwa niaba yangu bila kuombwa.

Tulikuwa na utaratibu, na nadhani mpaka leo wanao. Rubani kabla ya kuvuta kona kali anasema, "Navuta," halafu anangoja. Wa nyuma anarudisha kichwa, anakigandamiza kwenye kiegemeo, ndipo anajibu, "Tayari." Kama hajawa sawa anajibu, "Bado," na wewe unangoja, hata kama mwenzako wa mazoezi yuko mkiani na anakaribia kukushinda. Ni pumzi moja tu au mbili.

Siku hiyo tulikuwa tunafukuzana na ndege nyingine ya kikosi chetu. Iliingia kushoto kwetu, nyuma, upande ambao mimi sikuweza kabisa kuutazama. Nilimwambia Doto anitafutie. Nilimsikia akifungua mikanda ya mabega kidogo, akajipinda mpaka akawa anatazama mkia wetu. Akaniambia iko wapi na inakujaje. Ilikuwa inanipata, Nyamizi. Mkufunzi alikuwa anasikiliza chini, na mimi sikutaka kushindwa mbele yake. Nikasema, "Navuta."

Nikavuta pale pale.

Nilisikia mwanzo wa neno. Nilisikia "Ba", halafu kitu kidogo sana, kama mtu amekanyaga ganda la karanga. Halafu pumzi zake, moja moja, ndefu. Kona niliimaliza. Yule mwenzetu nilimponyoka, na kwenye redio nikasifiwa.

Tuliposhuka nilipanda ngazi kumtazama. Alikuwa bado amepinda kushoto, macho yake kwenye mkia wa ndege, kama vile hajamaliza kunitazamia. Alikuwa anapumua. Machozi yalikuwa yanateremka lakini hakuwa analia.

Kikosi kiliuliza. Ndege zetu wakati ule hazikuwa na chombo cha kunasa maneno ya ndani, kwa hiyo walichokuwa nacho ni mdomo wangu na mdomo wake. Nilipewa karatasi, nikaandika kwa mkono huu huu kwamba nilitoa taarifa na mwenzangu akanijibu tayari. Niliandika bila kufuta hata herufi moja. Nilijua wangempima mtu aliyevuta bila kungoja, wangemwuliza kwa nini alihitaji mwingine amtazamie kushoto, na shingo yangu ingejulikana. Niliogopa kuzuiwa kuruka. Hiyo ndiyo bei niliyomuuzia Doto.

Nilikwenda kumwona hospitali. Amefungwa kola ngumu, analala chali, anaangalia dari. Hakuweza kunigeukia, na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba hakuweza. Halafu akaniuliza, "Ulinisikia?"

Nikamjibu, "Nilisikia tayari."

Alifumba macho. Akasema, "Haya."

Baadaye nilikuja kujua kwamba alipoulizwa yeye alisema hakumbuki. Kwenye karatasi zake wakaandika uzembe, kwamba alijibu kabla hajajiweka sawa. Mkono wake wa kushoto haukurudi. Akaondoka jeshini, akaenda kwao Bukene, akafungua duka la nafaka. Mimi nikaruka miezi kumi na mmoja zaidi. Nilipewa mwenzangu mwingine, kijana hodari, anajibu "Tayari" haraka na kwa sauti. Kila alipojibu, mimi nilisikia kwanza "Ba". Mpaka asubuhi moja kikombe cha chai kikaniponyoka bwaloni na sikuhisi kimeponyoka, na hapo daktari hakuhitaji kuniuliza kitu. Nikapasuliwa, nikafungwa chuma shingoni, nikastaafishwa kwa heshima. Ile picha yangu ya sebuleni ambayo wageni huonyeshwa na mama yako, wanaambiwa huyu aliumia kazini, ndiyo hiyo heshima. Umeiona tangu ukiwa unatambaa. Sijui mara ngapi nimetaka kuigeuza ukutani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu, na ukitaka kusema baba amezeeka, sema tu, sitakukasirikia.

Kiangazi cha kwanza baada ya kurudi hapa Itetemia nilikuwa nimekaa barazani hivi hivi, mchana, jua limesimama. Kuku walikuwa wanachakura uani. Wakaacha wote kwa pamoja, wakasimama wakitazama upande mmoja, upande ulio nyuma yangu. Nikasikia, "Bado."

Haikuwa sauti ya mbali. Ilikuwa karibu, pale pale inapokaa sauti ya mtu wa kiti cha nyuma, na ilikuwa na ule mkwaruzo mdogo wa ndani ya kofia. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba apewe muda kidogo. Unajua siwezi kugeuza shingo. Ilibidi niinuke na kugeuka mwili mzima, na hiyo inachukua muda, na muda wote huo nilijua kuna mtu ananingoja nimalize kugeuka. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa njia tu, na vumbi lake limetulia.

Nilijiambia ni chuma cha shingoni kinapitisha mawimbi. Usicheke, nilimwuliza hata fundi redio. Lakini ilirudi kiangazi kile, na kilichofuata, kila mara mchana, kila mara neno lile moja. Siku moja mama yako alikuwa hapa mkekani anachambua karanga, kichwa ameinamisha. Akakiinua akaniuliza, "Bado nini?"

Nikamwambia sijasema kitu.

"Umesema bado," akasema, akarudi kwenye karanga zake. Nilikaa pale mpaka jua likahama, sithubutu kuinuka wala kukaa vizuri. Na wakati huo, mwanangu, Doto alikuwa hai. Alikuwa Bukene anapima mchele. Kama angekuwa mzimu ningejua la kufanya, ningempelekea padri, au ningekwenda kwa wazee wa ukoo. Mtu aliye hai anayekaa nyuma yako kutoka Bukene mpaka Itetemia unamfanyia nini? Nilichofanya mimi ni kufunga mpira wa baiskeli kwenye nguzo ya baraza. Ule uliouchezea ulipokuwa mdogo, ambao ulidhani nikiwa pale asubuhi nasali. Nilianza mazoezi ya kuku nikiwa na shingo ya chuma, miaka mingi baada ya kuyahitaji. Kwa kweli yalinipunguzia maumivu, na hilo liliniuma kuliko maumivu yenyewe.

Miaka miwili iliyopita Kulwa alinipigia simu kwamba Doto amefariki. Moyo, alisema. Niliwaaga wewe na mama yako kwamba nakwenda kumzika rafiki. Nilishuka stesheni ya Bukene, na Doto alikuwa amesimama pale.

Ni uso wake, mabega yake, namna yake ya kusimama mguu mmoja umepumzika. Nikasimama. Mwanamke mmoja akamwita kwa nyuma, naye akageuza shingo, taratibu, kwa ulaini, mpaka kidevu kikafika begani. Nimekaa ndani ya ndege inayowaka taa zote nyekundu na sikuogopa kama nilivyoogopa shingo ile ikigeuka. Ilikuwa shingo ambayo Doto angekuwa nayo.

Alikuwa Kulwa, bila shaka. Alinipokea mkoba, akanishika mkono njia nzima. Tukiwa peke yetu akaniambia, "Doto alisema ukija tusikuulize kitu. Alisema utasema mwenyewe, tukungoje."

Na mimi nikafanyaje? Nikala ugali wa matanga. Nikatoa pole. Nikasimulia alivyokuwa hodari, alivyokuwa anakula taratibu, watu wakatabasamu katikati ya msiba. Kisha nikapanda treni nikarudi. Kesho yake mchana nilikaa barazani nikijua kabisa nitasikia nini, na nikasikia. Sauti ilikuwa ile ile. Kufa hakukuiongezea kitu wala kuipunguzia. Hapo ndipo nilipokumbuka bibi alivyosema kuhusu wale wa njia ya misafara. Doto hakuwa ananitisha. Alikuwa anamalizia neno lake, na mimi sijawahi kumngoja alimalize.

Sitakuamrisha, Nyamizi. Wewe ni askari, una wakubwa wengine wa kukuamrisha sasa, na baba aliyeandika uongo ule hana sauti ya kuamrisha. Nakuambia nilichokiona tu. Niliowajua waliosema mapema, wengi wao walikaa chini majuma kadhaa, wakafunga mpira kwenye nguzo, wakarekebishiwa kofia, wakarudi kuruka. Walichekwa, tena na mimi. Mimi niliyeficha sikupona, na maumivu yangu hayakubaki kwangu. Yalimpata mtu aliyekuwa ananisaidia kutazama. Kwako itakuwa hivyo hivyo: siku moja hutaweza kutazama upande fulani, na atakuwepo mpole mmoja atakayekutazamia bila kuombwa. Namhofia huyo kama ninavyokuhofia wewe. Sijui jina lake, na labda sasa hivi naye anafungasha mizigo yake kwao.

Ganzi ya kidole gumba imeshaanza? Nimekuona jana ukikikunjua na kukikunja ulipodhani sikuoni. Usinijibu kwenye barua. Nitakuuliza.

Maana kuna jambo hulijui. Jumatatu nilikwenda stesheni nikakata tiketi mbili. Yako ni ya Mwanza. Yangu inaishia Bukene. Mama yako nimemwambia nakusindikiza na kumsalimia Kulwa, na hilo si uongo, ni nusu tu. Nitamwambia Kulwa mbele ya watu wa nyumba yake Doto alisema neno gani siku ile, na kwamba nililisikia. Halafu nitaandika karatasi nyingine na kuipeleka kule ilikokwenda ile ya kwanza. Labda picha ya sebuleni itashushwa. Labda hutapenda kuonekana na mimi kwa muda, na wakubwa wako wanaweza kuunganisha majina. Kwa hilo nakuomba radhi mapema. Ningeweza kungoja mpaka umalize mafunzo. Lakini nimekwisha kungoja vibaya vya kutosha.

Nimelijaribu jambo moja leo, kabla sijaanza kuandika. Kuku walisimama. Nikasikia neno lile. Safari hii sikugeuka. Nilitazama mbele, mikono juu ya daftari, nikasema kwa sauti, "Sawa, Doto. Nangoja." Tangu hapo nimeandika kurasa zote hizi na sijasikia kitu, na kuku hawajarudi kuchakura. Sijui huu ni ukimya wa namna gani.

Barua hii nitakupa kesho treni ikishaondoka Tabora, uisome kabla ya Bukene. Mimi nitakaa kiti cha nyuma yako. Sitakuita. Ukimaliza kusoma, geuka, mwili mzima, hivyo hivyo tunavyogeuka sisi wawili, uniulize kama niko tayari kushuka, na usinivute mkono mpaka nikujibu. Na mimi nitakuuliza shingo yako ikoje. Nitakusikiliza mpaka neno la mwisho.

Nakupenda. Sikulisema hilo mezani pia.

Baba yako

Nilikuwa nimeshafunga daftari. Mama yako amechungulia dirishani sasa hivi, mwiko mkononi, moshi wa karanga nyuma yake. Anauliza, "Umesema haya. Haya nini?"

Mimi sijasema kitu, Nyamizi.